Mjomba wa Debe la Viazi

Nelima, dada ya mume wangu, hajui kuniambia "wewe". Yeye huniambia "nyinyi". Chumvi ikizidi kwa mboga, nyinyi mnapenda chumvi. Nikifunga stoo ya mahindi na kufuli, nyinyi hamwamini mtu. Nikiamka saa kumi na moja kukama ng'ombe, nyinyi hamlali, mnatafuta pesa tu. Siku moja niliamka saa mbili kwa sababu ya malaria, na siku hiyo peke yake nikaitwa kwa jina langu, Wangu: Wangu ni mvivu. Miaka kumi na minane nimeishi hapa Kabuchai. Nimelima miwa, nimelima mahindi, nimemwogesha mama mkwe mpaka siku aliyokufa, na kila kosa langu bado lina kabila. Wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi jembe nilipewa siku ya kwanza, nikalichukua, na mpaka leo watu wananiuliza kama huko kwetu mvua imenyesha.

Huko kwetu ni Kitale. Si mbali, ukiwa na pikipiki nzuri unafika kabla jasho halijakauka. Nilizaliwa pembeni mwa mji, kwa baba aliyetoka Murang'a akiwa kijana akanunua ekari tano. Kaka yangu Waithaka ndiye aliyebaki hapo, ana duka la mbegu na dawa za mifugo. Yeye hasemi "nyinyi". Yeye husema "hao". Hao watu wako wamebakisha kuku wowote? Hao wamekufundisha kucheza kwa matanga siku ngapi? Anasema akicheka, nami nacheka, halafu nikirudi nyumbani naumwa kichwa. Nimekuwa mtu wa kucheka kila upande, bana, na kazi hiyo inachosha kuliko jembe.

Sisemi Waithaka ni mtu mbaya. Januari ya elfu mbili na nane, wakati wa vurugu za uchaguzi, watu walikuja jioni wakiimba na kupuliza filimbi, wamebeba rungu, wamejipaka matope usoni, wakachoma nyumba ya baba na mahindi yakiwa ndani. Walikuwa nani? Hatujui mpaka leo, na Waithaka hakuhitaji kujua. Alimbeba mama mgongoni mpaka kwa mahema ya wakimbizi, na mama akafia huko kwa baridi. Wiki hiyo hiyo mimi nilikuwa hapa Kabuchai, na Nelima, huyu huyu wa "nyinyi", alitandika mkeka mbele ya mlango wangu akalala hapo siku saba na panga kando yake, akisema atakayemtaka mke wa ndugu yake aanze na yeye. Nilimweleza Waithaka habari hiyo mara moja tu. Aliniuliza panga lilikuwa la nini kama watu wake ni wazuri. Sikurudia tena.

Kijana wangu wa kwanza anaitwa Kibe, jina la baba yangu. Agosti hiyo ninayotaka kusimulia alikuwa na miaka kumi na mitano, na ulikuwa mwaka wa kutahiri. Kwa Wabukusu, watu wa mume wangu, jambo hili si la mtoto na kisu tu. Kijana hufunga kengele za mikono, zile wanaita chinyimba, akazunguka kwa jamaa akiwaalika. Halafu siku moja kabla ya kisu, huenda kwa mjomba wake, ndugu ya mama. Mjomba anachinja fahali, anakata nyama ya kidari, anamvisha kijana shingoni, na anamwambia maneno makali ili asiogope. Kijana anarudi nyumbani na nyama hiyo kifuani, damu ikimtiririka, ili kila mtu aone kwamba mama yake ana watu, hakuokotwa barabarani. Asiye na nyama ya mjomba anaweza kutahiriwa, hakuna atakayemzuia. Lakini maisha yake yote, akigombana na mtu kwa mpaka wa shamba au kwa pombe, ataambiwa: wewe hata mjomba wako alikukataa.

Tangu Aprili mume wangu, Khisa, alikuwa ananiuliza kama nimemwambia shemeji yake. Khisa ni mtu mpole, haulizi jambo mara tatu. Mara ya kwanza nilimwambia nimeshamwambia. Mara ya pili nikasema amekubali na anafurahi sana.

Uongo mtupu. Waithaka nilikuwa nimemwambia kwamba Kibe atatahiriwa hospitali ya misheni huko Lugulu, na daktari, na sindano ya ganzi, kama watoto wake mwenyewe. Alisema vizuri sana, angalau hao wameanza kustaarabika. Nami nikanyamaza. Ningemwambia nini? Kwamba mtoto mwenye jina la baba atasimama uwanjani uchi, amepakwa tope la mtoni, kijiji kizima kikimkodolea macho? Na kwamba yeye ndiye achinje fahali? Kwetu sisi Wakikuyu mjomba hatoi, mjomba hupelekewa. Kabla kijana hajatahiriwa, baba yake hupeleka mbuzi kwa ndugu ya mama, ndipo huyo mjomba aseme haya, endeleeni. Kwa hiyo Khisa alikuwa anangoja fahali kutoka Kitale, na Waithaka anangoja mbuzi kutoka Kabuchai, kila mmoja akimwona mwenzake hana adabu, na mimi katikati nawaambia wote wawili kwamba mambo ni sawa. Nilijiambia nitasema ukweli Jumatatu. Jumatatu ikaja na kazi zake, nikasema Alhamisi.

Njia ya mwongo ni fupi, ndivyo tulivyofundishwa shuleni. Yangu ilikuwa ndefu kiasi cha kutoka hapa mpaka geti ya Waithaka.

Asubuhi ya siku yenyewe nilimpigia simu. Alishika Wacera, mke wake, akasema Waithaka yuko dukani. Nikamwambia Kibe atapita kuwasalimia leo na wenzake, mwekeeni chai. Aliniuliza ni wenzake wangapi. Nikasema wachache.

Saa nne lori la kanta likaondoka na vijana kama hamsini. Kibe alisimama mbele kabisa, kifua wazi, amefungwa shanga, amepakwa unga wa wimbi uliochanganywa na maji, kengele zikilia kila akitikisa mikono. Wengine walikuwa na matawi na fimbo na filimbi, wamejipaka matope kwa furaha yao tu. Kabla hawajaondoka Kibe aliniangalia akacheka, meno yote nje, akaniuliza kama anko wake anajua kuimba. Nikamwambia atajaribu.

Sisi wanawake tulibaki kupika. Ilipofika saa sita na nusu nilikuwa nimeinama kwa sufuria ya maharagwe, Nelima kando yangu anapepeta mchele, na simu ikalia. Ilikuwa ya Waithaka. Nilisikia filimbi kwanza, halafu kuimba, halafu sauti yake, na haikuwa sauti ya mtu wa miaka hamsini na miwili. Ilikuwa ile ya mahemani.

"Wangu," alisema, "kuna watu kwa geti. Ni wengi. Wako na rungu."

Nilimjibu kwa Kikuyu. Miaka kumi na minane sikuwahi kuongea Kikuyu mbele ya wanawake wale. Nikipigiwa simu na watu wa kwetu nilikuwa naenda nyuma ya choo. Siku hiyo sikukumbuka hata kusimama. Nilimwambia asiogope, ni Kibe, ni desturi ya hapa, wamekuja kuchukua nyama, afungue. Jikoni pote pakawa kimya, hata mchele wa Nelima ulinyamaza.

Waithaka akasema niliongea habari ya hospitali. Nikasema ni kweli niliongea. Akauliza nyama gani. Nikamwambia ya fahali, achinje ng'ombe mmoja, nitamlipa mimi, tafadhali. Hapo woga ulimtoka na hasira ikaingia. Alisema tangu niolewe hajaona hata mkia wa mbuzi kutoka kwa Khisa, na sasa wanakuja uchi kwa geti yake na rungu kudai ng'ombe, kama vile walivyokuja kudai nyumba. Nikamwambia si hao waliokuja. Akaniuliza nilijuaje, kwani nilikuwepo? Nilikuwa nimelala kwao.

Nikaendelea tu kumbembeleza afungue.

"Basi aje peke yake," alisema mwishowe. "Avae shati, azunguke na mlango wa nyuma, nimpe chai na mkate. Ni mtoto wa dada yangu. Hao wengine siwafungulii."

Alimwambia Kibe hivyo hivyo kupitia tundu la geti, simu ikiwa bado sikioni, kwa hiyo nilisikia jibu. Kuimba kulikuwa kumepungua. Nilisikia kengele za mikono zikilia kidogo, kama mtu anayekuna kichwa.

"Hawa ni watu wangu, anko," Kibe alisema. "Tumekuja pamoja."

"Na mimi ni nani?" Waithaka akamuuliza.

Simu ikakatika.

Nelima alikuwa amesimama juu yangu na ungo mkononi, ananiuliza ndugu yangu amesema nini. Hapo ndipo ningesema. Wanawake wote walikuwa wananiangalia, mlango ulikuwa wazi, ukweli ulikuwa sentensi moja tu: sikumwambia, kosa ni langu. Nikasema, "Amekataa."

Si uongo, kwa sababu alikataa. Ndiyo maana ilitoka kwa urahisi.

Nelima akaweka ungo chini. Nilikaza mgongo nikingojea "nyinyi" yangu, lakini haikuja. Aliniwekea mkono begani akasema, "Hao watu hawana utu, mulamwa." Hao. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kuniita mulamwa, yaani shemeji, nilikuwa upande wake wa ua. Wanawake wakanizunguka, mmoja akaniletea maji ya kunywa, mwingine akachukua mwiko kutoka mkononi mwangu akasema nipumzike. Na mimi, naona aibu kusema lakini nitasema, nilisikia raha. Nilimuuza ndugu yangu kwa gilasi ya maji na nikaona bei ni nzuri.

Lori lilirudi saa tisa bila kuimba. Kibe alishuka akaenda moja kwa moja nyuma ya nyumba, akakaa chini, kengele zimefungwa kwa kitambaa zisilie. Nilimfuata nikasimama. Hakuinua uso. Khisa naye alikuja akasimama upande mwingine, akisafisha koo tu. Wazee walikuwa wameketi barazani wakiulizana kwa sauti ya chini kama kisu kingoje mwaka mwingine, na kila mtu alijua kwamba kungoja kungekuwa kubaya kuliko kwenda bila nyama.

Ni Nelima aliyekata shauri. Alienda mbele ya wazee, mikono kiunoni, akawauliza mjomba ni nani. Wakamwambia ni mtu wa watu wa mama. Akauliza watu wa mama ni akina nani. Wakasema ni Wakikuyu.

"Basi Wakikuyu wako Chwele," Nelima alisema. "Si wote ni ndugu?"

Wazee walitazamana. Hakuna aliyeona kosa katika hesabu hiyo. Baniani mbaya, kiatu chake dawa. Kabla sijafungua mdomo, Nelima alikuwa amepanda pikipiki.

Chwele sokoni kuna mzee anaitwa Gachoki anayeuza viazi, na yuko hapo tangu kabla sijaolewa. Mke alimwacha, watoto wako Nairobi, anaishi chumba kimoja cha kupanga nyuma ya soko, na anaongea Kibukusu kuliko watoto wangu. Miaka yote nimenunua viazi kwake na sijawahi kumwamkua kwa lugha yetu. Niliogopa watu waseme tumekutana. Yeye naye alinijua, najua alinijua, akawa ananiongezea kiazi kimoja juu ya debe bila kusema neno.

Tulipofika na Kibe na wazee, Gachoki alikuwa ameshaelezwa na Nelima, na Nelima anavyoeleza ni kama kuchapwa. Mzee alipangusa mikono kwa koti akamwangalia Kibe, akauliza jina. Aliposikia akaniuliza mimi, kwa Kikuyu, kama ndugu yangu ni mgonjwa. Nikasema hapana. Hakuuliza tena.

Shida ilikuwa ng'ombe. Khisa alisema atatoa fahali wake, lakini mzee mmoja akakataa, baba hawezi kuwa mjomba wa mtoto wake mwenyewe, fahali lazima awe mali ya mjomba. Wakabishana mpaka jua likaanza kushuka. Mwishowe Gachoki alienda kwa viazi vyake, akajaza debe moja, akalijaza na kilele chake kama ninavyojazwa mimi, akaliweka miguuni pa Khisa, akauliza kama hilo linatosha ng'ombe. Khisa akasema linatosha. Wakashikana mikono. Hivyo ndivyo fahali mwekundu tuliyemlea miaka mitatu alivyouzwa kwa debe moja la viazi, akaletwa kwa lori na kuchinjwa pale pale nyuma ya chumba cha kupanga, watu wa sokoni wakiacha vibanda vyao kuja kuona.

Gachoki alikata kidari kwa kisu cha kumenyea viazi. Alimvisha Kibe. Wazee wakamwambia sasa aseme maneno, amtishe kijana, ndivyo mjomba hufanya. Yule mzee alifikiri sana.

"Mimi sikujui," alimwambia. "Lakini kesho usilie. Ukilia watasema ni sisi tumekufunza kulia."

Kesho yake alfajiri Kibe alitoka mtoni amepakwa tope, nyasi kichwani, akasimama uwanjani akaangalia mbele. Hakupepesa jicho. Watu walipiga vigelegele, Nelima alilia kuliko mimi. Baadaye kijana akaweka picha Facebook, yeye na nyama kifuani na Gachoki kando yake amevaa koti la viazi, akaandika chini: mimi na mjomba wangu. Wacera aliiona. Akamwonyesha mume wake.

Kuanzia hapo Waithaka hakunipigia simu, na mimi sikumpigia. Khisa alinung'unika siku chache, akanyamaza. Nelima ndiye aliyebadilika. Alinifundisha kupika mboga za kienyeji kwa maziwa, jambo ambalo miaka yote alisema sisi hatuwezi. Tukiwa kanisani alinitafutia nafasi kando yake. Kila akikaa na wanawake alisimulia habari ya geti ya Kitale, na kila akisimulia geti ilikuwa kubwa zaidi, na maneno ya Waithaka makali zaidi. Nilikaa hapo nikitikisa kichwa. Nilikuwa nimechoka, na mtu aliyechoka akipewa kiti haulizi kimetoka wapi.

Desemba ikafika, sherehe ya vijana kutoka jandoni. Tulisimamisha hema mbili, moja ya wenyeji na moja ya wageni. Gachoki aliletwa na pikipiki, akavishwa blanketi, akaketishwa kiti cha mjomba mbele ya watu wote, na Kibe, ambaye sasa alikuwa amepanuka mabega, alikaa chini ya miguu yake. Kila Jumamosi tangu apone alikuwa anaenda Chwele kumsaidia kupakua magunia. Hakuna aliyemtuma.

Saa saba pikapu ilisimama barabarani. Mtu akashuka, mwenye kofia na koti zito, jua lile lote, akafungua nyuma akaanza kuvuta fahali mweusi mkubwa. Nilimjua kwa mgongo. Miaka kumi na minane Waithaka hakuwa amekanyaga Kabuchai.

Aliingia bomani na kamba mkononi, peke yake. Nilijua ni nini kilimgharimu kupita katikati ya vijana wale wenye fimbo. Alimfunga ng'ombe kwa mparachichi, akapangusa uso, akasimama mbele ya Gachoki. Akamsalimia kwa Kikuyu, akamuuliza ni wa wapi. Gachoki akasema Nyeri. Nilimsikia Waithaka akiguna kwamba hata si wa Murang'a, hata si wa ukoo wetu. Hiyo nayo ni Waithaka.

Halafu akawageukia wazee kwa Kiswahili, akasema yeye ni ndugu ya mama ya huyu kijana, na amekuja na ng'ombe. Kuna mteja wa dukani kwake, Mbukusu wa Kimilili, aliyemweleza maana ya nyama ile. Hakuwa anajua. Sauti yake ilikuwa ndogo. Nelima alicheka kwa nguvu mahali pake.

Khisa ndiye aliyesimama. Mume wangu si mtu wa hotuba, alishika kofia kwa mikono miwili.

"Shemeji, uliambiwa tangu Aprili," alisema. "Mke wangu alikwambia, na ulikubali, na mtoto alipofika ukamfungia geti. Leo unakuja na ng'ombe wa nini?"

Watu wakaunga mkono kwa miguno. Waithaka alinigeukia mimi, akanitafuta kati ya wanawake waliokaa kwa masufuria, akaniona, akangoja. Angeweza kusema: ni uongo, huyu hakuniambia. Alikuwa na haki ya kusema. Aliniachia.

Nelima alikuwa ameniegemea, bega kwa bega. Nilisikia joto lake. Nilijua nikikaa kimya tu, dakika moja, Waithaka atafungua ng'ombe wake aende, na mimi nitakuwa na bega hilo mpaka nife. Na nilijua Kibe ananiangalia.

Nikasimama. "Sikumwambia," nilisema. "Nilimwambia mtoto anaenda hospitali. Hakujua chochote. Aliona watu na rungu kwa geti, na alishachomewa nyumba. Kosa si lake, ni langu."

Nelima alisogea, si sana, upana wa kiganja tu.

Kibe akainuka kutoka miguuni pa Gachoki. "Kwa nini, mama?" aliuliza. Aliuliza kwa upole kabisa.

"Niliona haya."

"Haya ya nini?"

Ningeweza kutafuta neno zuri. Mtu akiwa amechoka, maneno mazuri yako mbali.

"Ya hapa," nilisema. "Ya kisu na matope. Sikutaka watu wa kwetu wakuone hivyo."

Nilisikia mwenyewe nilivyosema: watu wa kwetu. Miaka kumi na minane nimejenga hapa, nimezaa hapa, na siku ya kuulizwa, hilo ndilo lililotoka. Nelima aliinamisha kichwa. Sijawahi kumwona akikosa la kusema, na ningetoa chochote aseme "nyinyi".

Kibe hakukasirika, na afadhali angekasirika. Alimwendea Waithaka akampa mkono, akasema, "Karibu, mzee," kama anavyomsalimia mtu yeyote wa umri huo. Akamwonyesha hema ya wageni. Halafu akachukua kiti cha plastiki kutoka hema ya wenyeji, akakipangusa kwa mkono, akakibeba kupita mbele ya watu wote, akakiweka kando ya kiti cha Waithaka. Akanirudia akanishika mkono, polepole, kama unavyomshika mtu aliyetoka mbali.

"Kaa hapa, mama," alisema. "Kaa na ndugu yako."

Nikakaa. Sijui kama alinihurumia au alinihukumu, na sijamuuliza. Waithaka kando yangu hakuniangalia, lakini alisogeza mguu nipate nafasi. Fahali mweusi alisimama pale kwa mparachichi mchana kutwa na hakuna aliyetaja kumchinja. Wazee waliendelea na maneno yao, Gachoki akatoa baraka zake kwa Kibukusu kizuri, watu wakapiga makofi. Chakula kilipoiva, chakula nilichopika mimi tangu alfajiri, waliwahudumia wageni kwanza.

Nelima mwenyewe ndiye aliyetuletea chai. Alimpa Waithaka kikombe kwa mikono miwili, akanigeukia na birika. Ni yeye aliyenipikia uji nilipojifungua watoto wote watatu, na chai tumekunywa pamoja jiko moja asubuhi na jioni. Akaniuliza, kwa heshima, kama mimi hutumia sukari.